Krimu ya Matunda Isiyolegea: Mwongozo Kamili wa Kupamba Keki na Kapkeki Bila Kuwasha Oveni

Malalamiko huwa ni yale yale. Krimu ilisimama vizuri bakulini, tunda likatiwa, ikalegea. Au ilipakwa ikapendeza, na baada ya saa moja maji ya rangi ya waridi yakaanza kuchuruzika pembeni mwa keki hadi kwenye sahani. Au ilikatika katikati ya kuchapwa, ikawa na chembechembe zisizoshikana. Wengi huilaumu krimu waliyonunua, lakini mara nyingi kosa limeshafanyika kabla krimu haijaguswa. Limefanyika kwenye tunda.

Tunda ni maji kwa sehemu kubwa. Stroberi ina takriban asilimia 90 ya maji, nanasi asilimia 86, embe asilimia 83. Krimu iliyochapwa nayo husimama kwa sababu matone madogo ya mafuta yameshikana kuzunguka viputo vya hewa. Ukiimwagia rojo bichi la tunda, unaipa maji ambayo haina pa kuyaweka, nayo huyaachia polepole.

Kwa hiyo tutayapunguza maji ya tunda jikoni kwanza, kisha tutahakikisha kila kitu ni baridi kabla hakijakutana na kingine. Usiruke hatua hizo mbili hata kama una haraka. Mengine yote yanasameheka.

## Vitu vya kuandaa

Vipimo hivi vinatosha kapkeki 12 zenye krimu ya kupanda juu, au keki moja ya duara ya sentimita 20 yenye tabaka mbili.

- Krimu ya maziwa ya kuchapa, mililita 500
- Tunda lililomenywa na kutolewa mbegu, gramu 300
- Sukari ya kawaida, vijiko 2 vya chakula
- Kornflawa, vijiko 2 vya chai, na kijiko 1 cha chakula cha maji baridi ya kuikorogea
- Maji ya limau, kijiko 1 cha chai
- Aisingi shuga iliyochekechwa, vijiko 4 vya chakula
- Chumvi, chembe chache tu
- Jelatini ya unga isiyo na ladha, vijiko 2 vya chai (kwa siku za joto pekee)

Vyombo: sufuria ndogo yenye mdomo mpana, blenda, chujio la matundu madogo, bakuli la chuma lenye kina, mikseri ya mkono au mchapo (kifaa cha waya cha kuchapia kwa mkono), spatula, na mfuko wa kupambia wenye nozeli (ncha inayoipa krimu umbo) ukitaka maua.

### Kuhusu krimu yenyewe

Kabla ya kulipia, geuza pakiti usome kiasi cha mafuta. Unataka asilimia 35 au zaidi. Chini ya asilimia 30 krimu haisimami, hata ukiichapa mpaka mikseri ipate moto. Krimu ya kupikia mchuzi na ile ya kutia kwenye kahawa haziwezi kazi hii, hata kama pakiti zake zinafanana na ya kuchapa.

Krimu ya boksi inayokaa kabatini bila friji inafaa, ila ilaze kwenye friji usiku mzima. Usijaribu kufupisha muda kwa kuitia kwenye friza. Ikiganda, mafuta yake hujitenga, na ikiyeyuka haichapiki tena ikawa laini.

Kuna pia krimu ya mafuta ya mimea. Hiyo huvumilia joto zaidi na hukaa imara kwa muda mrefu, lakini nyingi zimeshatiwa sukari kiwandani. Ukitumia hiyo, acha aisingi shuga kwanza, onja, ndipo uamue. Kwa ladha mimi nachagua krimu ya maziwa kila mara, kwa sababu huacha tunda lisikike.

### Tunda lipi?

Stroberi, embe, rasiberi, pichi na nanasi hukubali kupikwa na kupunguzwa maji bila kupoteza ladha. Kama ni mara yako ya kwanza, anza na mojawapo ya haya, ila nanasi lina sharti lake, tutalifikia sasa hivi.

Pasheni ina ladha kali na uchachu mwingi, hivyo gramu 150 za nyama yake pamoja na mbegu zinatosha. Chuja mbegu, kisha ongeza kijiko kimoja cha sukari. Maji ya limau yaache, uchachu uliopo unatosha.

Ndizi haina haja ya kuchemshwa muda mrefu kwa kuwa ni nzito tayari. Iponde na maji ya limau mara tu unapoimenya, ipashe moto dakika mbili huku unakoroga, basi. Bila limau krimu yako itakuwa ya kijivu kabla hujamaliza kupamba.

Nanasi, papai na kiwi zina vimeng'enya vinavyovunja protini. Vikiwa vibichi, huifanya krimu kuwa chungu baada ya muda na huizuia jelatini isigande kabisa. Moto huviua. Kwa hiyo matunda haya yapikwe mpaka yachemke, na usipambe juu ya krimu kwa vipande vyake vibichi isipokuwa keki inaliwa papo hapo.

Tikiti maji liache. Ukilipunguza maji hakibaki kitu chenye ladha. Machungwa nayo ni juisi tupu. Harufu yake nzuri iko kwenye ganda la juu, basi likwaruze laini utie kijiko kimoja cha chai kwenye krimu badala ya kuhangaika na juisi.

Ukitumia matunda yaliyogandishwa, yayeyushe kwanza kwenye chujio, maji yake uyatie sufuriani tangu mwanzo. Usiyamwage, ndimo ilimo rangi.

## Hatua ya 1: Tia vyombo kwenye baridi

Weka bakuli la chuma na mapanga ya mikseri kwenye friza kwa dakika 20, au kwenye friji kwa saa moja. Krimu yenyewe ibaki friji, sehemu ya ndani kabisa, si mlangoni, kwa sababu mlango hufunguliwa kila mara na huwa na joto zaidi.

Sababu ni mafuta. Yakiwa baridi huwa magumu kiasi cha kushikana na kubeba hewa. Krimu ikishapita nyuzi 10 hivi za Selsiasi, mafuta hulainika na viputo huanza kupasuka.

Hakikisha pia keki imepoa kabisa. Gusa upande wa chini, si juu tu, kwa sababu chini ndiko joto hujificha. Keki yenye uvuguvugu itaiyeyusha krimu hata kama umeitengeneza bila dosari.

## Hatua ya 2: Saga na uchuje

Saga tunda peke yake bila kuongeza maji. Blenda ikigoma, isimamishe, lisukume tunda chini kwa spatula, endelea. Kijiko kimoja cha maji kinaonekana kidogo, lakini utakilipia kwa dakika za ziada jikoni.

Pitisha rojo kwenye chujio ukilisugua kwa mgongo wa kijiko. Embe lina nyuzi na rasiberi ina mbegu, na vyote viwili huziba nozeli. Hakuna jambo linaloharibu ua la krimu kama nozeli kuziba katikati.

## Hatua ya 3: Punguza maji

Hapa ndipo krimu yako itaponea au itakufa, basi usiiache sufuria uende kufanya jambo jingine.

Tia rojo na vijiko 2 vya sukari kwenye sufuria pana, moto wa wastani. Upana una maana: eneo kubwa la juu hutoa mvuke haraka, na tunda likipikwa kwa muda mfupi hubaki na ladha yake. Sufuria nyembamba na ndefu itakuchukua karibu mara mbili ya muda, na ladha itaanza kuelekea kwenye jamu.

Koroga mara kwa mara, na kuanzia dakika ya 8 koroga bila kuacha, ukikwangua chini. Utaona viputo vikibadilika. Mwanzoni ni vidogo na vyepesi, baadaye vinakuwa vizito, vinapasuka kwa mlio na kurusha matone. Punguza moto hapo. Kwa jumla ni dakika 10 hadi 15, na lengo ni kubaki na kama nusu kikombe, yaani mililita 120 hivi.

Sasa koroga kornflawa na maji baridi mpaka isibaki donge, imimine sufuriani huku unakoroga, acha ichemke dakika moja kamili. Isipochemka, haikazi sawasawa na utaonja unga mbichi. Epua, ndipo utie limau na chumvi. Limau likitiwa mapema na kuchemshwa kwa muda, asidi yake huidhoofisha kornflawa.

Jinsi ya kujua limeiva. Pitisha mwiko katikati ya sufuria. Mstari unaobaki chini ukae wazi kama sekunde mbili kabla rojo halijarudi kuufunika.

Kuna kipimo kingine ninachokiamini zaidi. Tia kijiko kimoja cha rojo kwenye sahani iliyotoka friza, subiri dakika moja, kisha iinamishe sahani. Rojo zuri husogea kwa uvivu likiwa kitu kimoja. Ukiona duara la maji meupe linajitenga kandokando, hayo ndiyo maji ambayo kesho yangechuruzika kwenye keki. Rudisha sufuria jikoni dakika mbili tatu, pima tena.

Kama huna muda kabisa, tumia jamu nzuri, kwa kuwa imeshapunguzwa maji. Chukua vijiko 5 vya chakula, ichuje, ikoroge mpaka ilainike, kisha ruka hadi Hatua ya 5. Punguza aisingi shuga ibaki kijiko kimoja au usitie kabisa, maana jamu ni tamu tayari. Utapata krimu nzuri, ila tunda halitasikika bichi kama ulilosaga mwenyewe.

## Hatua ya 4: Poza rojo

Limwage kwenye sahani pana, litandaze, lifunike kwa karatasi ya plastiki inayogusa uso wake ili lisifanye ngozi. Likishapoa kidogo, litie friji mpaka liwe baridi ukiligusa kwa kidole. Kwa sahani iliyotandazwa ni kama dakika 30 hadi 40.

Baridi maana yake baridi, si vuguvugu. Hapa ndipo wanaofanya kila kitu sawasawa huanguka, kwa sababu rojo linaonekana tayari na keki inasubiri. Unaweza pia kulipika siku moja kabla, na hiyo ndiyo njia ninayokushauri kama una shughuli.

Likitoka friji litakuwa limekaza. Lipige kwa mchapo mpaka lilainike, bila madonge. Donge unaloliona sasa utaliona tena juu ya keki.

## Hatua ya 5: Chapa krimu

Toa bakuli friza, mimina krimu, anza kwa kasi ndogo ili isiruke. Baada ya nusu dakika panda kasi ya wastani ubaki hapo. Kasi ya juu inashawishi, lakini hujaza viputo vikubwa visivyolingana ambavyo hupasuka mapema. Kasi ya wastani hutoa viputo vidogo, na krimu hukaa muda mrefu.

Povu likianza kuwa zito, tia aisingi shuga kidogo kidogo. Mbali na utamu, ina wanga kidogo unaosaidia kushika maji, ndiyo maana sukari ya kawaida haichukui nafasi yake vizuri hapa.

Angalia uso wa krimu, usiangalie saa:

- Kwanza ni povu tu, na mikseri haiachi alama.
- Kisha mapanga yanaacha mistari inayofutika.
- Halafu mistari inabaki. Zima mikseri, nyanyua panga: krimu inapanda, ncha yake inainama.

Simama hapo. Usingoje ncha isimame wima. Rojo litakalofuata lina asidi inayoikaza krimu, na kule kuchanganya pia ni kuichapa. Krimu iliyokwisha kusimama wima kabla ya tunda ndiyo ile inayokatika baadaye, na mtu akadhani tunda lake ni baya.

Kama unatumia mchapo wa mkono, kazi ni ile ile, mkono tu ndio utachoka. Pumzika ukihitaji, ila rudisha bakuli friji wakati unapumzika.

## Hatua ya 6: Unganisha

Chota vijiko vitatu vikubwa vya krimu, vikoroge kwenye rojo bila kuogopa. Hii hulifanya rojo kuwa jepesi, likaribiane na krimu, na lichanganyike haraka.

Sasa mimina mchanganyiko huo kwenye bakuli la krimu. Tumia spatula: shuka katikati, pita chini ya bakuli, panda pembeni, pindua. Zungusha bakuli kidogo, rudia. Rangi ikishakuwa moja, acha.

Ikiwa bado ni laini mno kwa kupambia, malizia kwa mchapo wa mkono, mizunguko michache, ukitazama. Mikseri iweke kando. Kutoka krimu nzuri hadi krimu iliyokatika ni sekunde chache, na mkono hukupa nafasi ya kusimama kwa wakati.

Imefanikiwa ikiwa uso ni laini na unang'aa kidogo, ncha inasimama wima, na kijiko kilichochomekwa katikati hakianguki. Ionje. Inapaswa kujaa hewa mdomoni na kuyeyuka bila kuacha utando wa mafuta kwenye ulimi.

Usishangae rangi ikiwa hafifu. Krimu ni nyeupe na tunda limegawanyika. Mimi naiacha hivyo, ni rangi ya kweli. Ukitaka iliyokolea, tumia rangi nzito ya jeli, tone moja, kwa sababu rangi ya maji inarudisha yale tuliyoyatoa. Krimu ya beri za bluu ikielekea kijivu, matone machache ya limau huivuta iwe ya waridi.

## Siku za joto: ongeza jelatini

Kama keki itasafiri au itakaa mezani, nyunyiza vijiko 2 vya chai vya jelatini juu ya vijiko 3 vya chakula vya maji baridi. Iache dakika 5 ivimbe. Ishikilie juu ya maji ya moto mpaka iyeyuke na kuwa angavu. Isichemke, kwani kuchemka huidhoofisha.

Ngoja iwe vuguvugu huku bado inamiminika. Wakati mistari ya mapanga inaanza kubaki kwenye krimu, imimine kwa mkondo mwembamba huku mikseri inazunguka. Ikiwa ya moto itayeyusha krimu, ikiwa baridi mno itaganda kuwa nyuzi. Ukiigusa kwa kidole usihisi joto wala baridi. Ukishaitia, unganisha tunda na upambe mara moja, kwa sababu inaendelea kukaza.

Jelatini hutokana na ngozi na mifupa ya wanyama. Soma pakiti ujue ni mnyama gani, hasa ikiwa keki ni ya wageni. Asiyeitaka ategemee kornflawa iliyo kwenye rojo, na keki aitoe friji dakika za mwisho.

## Kupaka na kupamba

Jaza mfuko nusu tu. Ukiujaza mpaka juu, joto la viganja litaifikia krimu yote, na ya mwisho itatoka imelegea. Bakuli lenye krimu iliyobaki likae friji.

Kwa keki nzima, paka kwanza safu nyembamba inayonasa makombo, itie friji dakika 15, kisha paka safu ya pili. Kati ya tabaka usizidishe sentimita moja, maana krimu hii ni nyepesi na keki nzito itaikamua itoke pembeni.

Usiifunike kwa fondanti, ule unga wa sukari uliokandwa na kusukumwa kama chapati. Unyevu wa krimu huiyeyusha.

## Mambo yakienda kombo

Imelegea lakini haijakatika. Bakuli zima friji dakika 20, kisha mchapo wa mkono. Mara nyingi ilikuwa joto tu.

Ina chembechembe. Umepitiliza kidogo. Tia vijiko 2 au 3 vya krimu baridi isiyochapwa, ukorogee taratibu kwa spatula. Itarudi laini.

Imejitenga, manjano huku na maji kule. Hiyo imeshakuwa siagi, na hairudi. Kamua maji, itie chumvi kidogo, upake kwenye mkate. Ni siagi ya matunda, tamu kwelikweli.

Inatoa maji baada ya saa kadhaa. Rojo halikupungua vya kutosha. Kwa keki hii, kausha pembeni kwa karatasi ya jikoni na uipeleke mezani upesi. Krimu iliyobaki bakulini igandishe, uile kama aiskrimu.

## Kuhifadhi

Keki ikae friji, ndani ya chombo chenye kifuniko, kwani krimu hunyonya harufu ya kitunguu na samaki upesi sana. Iliwe ndani ya siku 2 hadi 3. Nje ya friji isizidi saa 2, na kama joto limepita nyuzi 32 isizidi saa 1, kwa kuwa ni maziwa.

Krimu iliyobaki ichote kwa nozeli iwe maua madogo juu ya karatasi ya kuokea, gandisha, kisha yahamishie kwenye boksi lililofungwa vizuri. Siku ukipata mgeni wa ghafla, weka ua moja juu ya kapkeki likiwa bado limeganda. Kwa dakika 15 hivi litakuwa tayari kuliwa.